Masta Silinda ya Mzee Sospeter

Niliondoka Kanazi Jumatatu asubuhi kwa sababu lori la kikundi chetu cha wakulima lilikuwa limeingia kwenye migomba ya mwenyekiti. Breki zilikuwa zimekufa tangu masika. Kamati ilishakaa vikao vitatu, ikaazimia dereva atumie gia ya kwanza na watu wawili watembee kando wakiwa na mawe ya kuzuia magurudumu. Mmoja wao nilikuwa mimi, katibu. Mwenyekiti alipopoteza migomba sita, ndipo breki zikawa jambo la dharura.

Fundi alisema masta silinda, ile inayosukuma mafuta ya breki ukikanyaga pedeli, imeliwa na kutu. Lori lenyewe lilimzidi umri. Alijua jingine moja tu la aina hiyo, Nyabusozi, kwa Mzee Sospeter.

Saa nne nilikuwa Benaco, nikaona nijaribu bahati madukani kwanza. Nilipomtajia muuzaji wa spea aina ya lori letu, alimwita mwenzake aje kunitazama.

Saa tisa, kwa bodaboda kutoka Biharamulo, nikafika Nyabusozi. Lori lilikuwa nyuma ya jiko, halina tairi, maboga yametambaa hadi kwenye kioo, na kuku ametaga kwenye kiti cha dereva.

“Shikamoo mzee. Nimekuja kuomba masta silinda ya lori lako lililokufa.”

“Marahaba. Nani kakwambia rimekufa? Rori linapumzika.”

“Mwaka wa kumi na tisa huu,” mkewe alisema, akipepeta maharage. “Mimi sijapumzika hata Jumapili moja.”

Nikaomba radhi. Nikamweleza mlima wetu, mawe, na akina mama wanaopanda juu ya magunia kwenda mnadani. Mzee akachukua spana akaingia chini ya lori.

“Nakuazima, sitoi. Na ninakwenda nayo.”

“Mchukue tu, mwanangu,” mkewe aliniambia. “Usimharakishe kurudi.”

Jumanne tulisafiri, yeye ameipakata silinda kama mtoto mchanga. Jioni Kanazi, fundi aliifungua akashangaa: raba laini, ndani hakuna kutu. Kumbe kila mwaka mzee aliisafisha na kuijaza mafuta mapya, na majirani walimcheka.

Jumatano asubuhi wakaifunga. Mzee mwenyewe alikanyaga pedeli huku fundi akitoa upepo kwenye mabomba ya breki. Kisha mzee akashuka mlima na lori tupu, mimi nimeketi kando yake. Katikati ya mteremko alikanyaga mara moja. Likasimama. Mzee akafuta macho kwa kofia, akasema vumbi la huku Ngara ni kali.

Alhamisi nilimrudisha kwao bila silinda. Alikuwa ameiacha mwenyewe, bila kuombwa.

Ijumaa kamati ilikutana kujipongeza. Mwenyekiti alitaka muhtasari useme kwamba breki zimepatikana kwa juhudi za uongozi. Mimi niliandika kwamba zimepatikana kwa Mzee Sospeter wa Nyabusozi, aliyetunza kitu ambacho sisi tulikijadili tu.

“Futa hilo,” mwenyekiti alisema.

Nikamwambia nitafuta akishuka mlima na lori, silinda ya mzee ikiwa imetolewa. Akaomba tuendelee na ajenda inayofuata.