Mama Hayumo Katika Kaya

Akaunti ya kutazamia tamthilia mtandaoni ilikuwa ya mdogo wangu, aliyeolewa Chiwanda, kando ya ziwa. Mimi na Mama tuliitumia huku juu Matiri. Mdogo wangu aliilipia kwa biashara yake ya usipa, dagaa wetu wa Nyasa, na kila bei ilipopanda alinung'unika, akalipa. Mama hakuwa na anasa nyingine. Alichotaka ni kutazama kile anachotazama mwanawe, kisha wapigiane simu wamseme mama mkwe mmoja tajiri wa kwenye tamthilia.

Kahawa ilipoanza kuiva, maandishi yakatokea kwenye kioo cha runinga: kifaa hiki hakimo katika kaya yako. Anayetazama kutoka nyumba nyingine aongeze malipo. Nikamsomea Mama.

"Kaya ya nani?"

"Ya mdogo wangu. Wanasema wewe humo."

"Nimemzaa mimi, halafu mimi simo?"

Mdogo wangu alikuwa tayari kuongeza. Mama akamkatalia kwenye simu. "Usithubutu! Leo wanatoza kwa nyumba, kesho watatoza kwa jicho."

Mama alikulia kwenye sengu. Kwa Wamatengo wa zamani, kila mke wa ukoo alipika jikoni kwake, lakini vyungu vyote vilipelekwa kwa babu, watu wakala pamoja. Aliyevuna debe alishiba sawa na aliyejaza ghala. Mtu wa namna hiyo humfundishi maana ya kaya kwa maandishi ya kwenye kioo.

Akatoa amri: mdogo wangu atazame, kisha atusimulie. Basi kila alasiri tulipochambua kahawa kichanjani, tukiondoa punje zilizopasuka, simu ilikaa katikati, sauti imefunguliwa yote. Majirani walikuja kusikiliza, na mikono yao haikukaa bure. Kahawa yetu haijawahi kuwa safi namna ile.

Bei ikapanda tena. Safari hii mdogo wangu hakunung'unika, na masimulizi yakazidi kunoga. Mpaka siku ile mama mkwe tajiri, mwenye ghorofa na walinzi getini, alipotoka mbio kufukuza kunguru kwenye usipa wake alioanika.

Jirani yetu akaangua kicheko. "Tajiri gani huyo? Wa Chiwanda?"

Kisha mdogo wangu akasema polepole, "Mama, niliacha kulipa. Nilishindwa kukwambia. Haya ninayatunga."

Mama hakuinua macho kutoka kwenye kahawa. "Nilijua tangu huyo tajiri alipomwamkia mpishi wake shikamoo."

"Kwa hiyo tuache?"

"Tuache nini? Wao wabaki na kaya yao, na bei waipandishe mpaka mawinguni. Wewe niletee huyo mwanamke Matiri. Achimbe ngoro, tumwone."

Ngoro ni mashimo yetu ya kilimo cha mteremkoni, na mgongo wa mchimbaji ndio unaojua habari yake. Kichanja kizima kikashangilia.

"Apewe jembe lenye mpini uliolegea!" akapaza sauti jirani.

"Na asipewe uji kwanza," akaongeza Mama.

Huko Chiwanda mdogo wangu alicheka, akakohoa kidogo kama msomaji wa taarifa ya habari. "Haya. Asubuhi hiyo, lori la mbolea likamshusha Matiri, na viatu vyake vya visigino..."

Mama akaisogeza simu karibu.