Maji Yasiyokosea

Kaka yangu mkubwa alifundisha sayansi katika shule ya mapadre pale Uvira, wakati uhuru ulikuwa bado mchanga na Wazungu wengi walikuwa wamekwisha kuvuka kwenda Bujumbura. Maabara yake ilikuwa kabati moja lenye chupa chache, mizani na taa ya alkoholi. Aliwaambia wanafunzi, na sisi nyumbani katika mtaa wa Rugenge pia, kwamba wazo lolote, hata likupendeze namna gani, lipelekwe mbele ya jambo linaloweza kulivunja. Lisipovunjika, lishike, lakini ukae tayari kuliacha kesho.

Mdogo wetu hakufika shule hiyo. Alilima pamba Runingu, katika tambarare ya Ruzizi. Siku moja askari wa serikali walimkuta njiani bila karatasi, wakampiga mpaka akakojoa damu. Waasi walipotokea tambarare, hakungoja kuitwa.

Alikuja kutusalimu baada ya vita vyao vya kwanza, kipande cha ngozi ya mnyama kikiwa kimefungwa kichwani. Alisimama uani, mbali nasi. Mama alimwekea ugali na ndagala wa ziwani, akakataa. Aliokota muhogo, akauchoma mwenyewe. Alituambia kwamba mganga wao huwanyunyizia maji ya dawa, na baada ya hapo kuna miiko: usiguswe na mwanamke, usile alichopika, usitazame nyuma.

"Minye niliona na macho yangu, Yaya," alimwambia kaka, akimwita kama tunavyomwita mkubwa wetu. "Tulienda wima, tunaimba. Risasi ziligeuka maji. Basoda walitupa bunduki, wakakimbia."

Kaka alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mulete mbuzi. Mumunyunyizie hayo maji, mumupige risasi moja. Akisimama, nitakuja minye mwenyewe."

"Mbuzi haiko muntu. Mbuzi haijue miiko."

"Na wenzenu walioanguka?"

"Walivunja miiko."

"Nani aliwaona wakivunja?"

Mdogo wetu alimtazama kama mtu anayeulizwa swali la kitoto. "Kama hawakuvunja, wangekufa namna gani?"

"Hapo ndipo ninaogopa," kaka akasema. "Maji yenu hayawezi kukosea. Siku zote anayekosea ni maiti."

"Na vitabu vyako, Yaya? Vilikuwa mu kabati siku waliponipiga. Weye na sayansi yako, muliwafukuza basoda? Maji yamewafukuza."

Mdogo wetu alifunga ngozi yake vizuri, akatuaga. Alipofika penye mlango wa ua, mama alimkimbilia, akamshika mkono kwa mikono yake miwili. Alikuwa mwanawe wa mwisho. Yeye hakuuchomoa mkono wake. Aliuacha pale kidogo, ameinamisha kichwa, kisha akaenda.

Nilipompelekea kaka maji ya kunawa, alisema kama anayejisemea, "Lakini ni kweli walikimbia. Hilo nalo limeonekana, siwezi kulifuta. Askari wanayaamini yale maji kama yeye anavyoyaamini. Nikimpiga risasi mbuzi, nitajua habari za mbuzi tu. Hofu ya askari nitaipima na nini?" Akanawa. "Na siku atakapokuja askari asiyeamini?"

Walikuja. Walikuwa na ndege, na Wazungu wa kukodiwa ambao hawakujua wala kujali habari ya maji yoyote. Vijana wa tambarare waliwaendea wima wakiimba, kama walivyozoea. Mwenzake mmoja wa kundi jingine alitoroka kupitia milimani, akatuletea habari kwamba mdogo wetu ameanguka pamoja na kundi lake lote.

Mama hakulia kwa sauti. Alikaa chini akaitazama mikono yake. Siku nzima hakupika wala hakumshika mtoto wa jirani aliyekuja magotini kwake. Jioni kaka alipiga magoti mbele yake.

"Mama, sikiliza. Walianguka wote, na wengine hawakufika nyumbani hata mara moja. Kama ni mkono wako uliomuua, wale wengine waliuawa na nini?"

Mama alifikiri. Niliona akijaribu kweli kulishika lile neno.

"Labda na wao walishikwa," alisema. "Kila mumoja iko na mama."

Kaka aliinuka, akaenda nje. Ndiyo mara pekee niliyomwona akilia.

Jeshi liliporudi mjini, lilikuwa na jaribio lake pia. Ilisemekana waasi huchanjwa chale wanapopewa dawa, kwa hiyo wanaume wa Rugenge walitolewa barabarani, wakavuliwa mashati. Kaka alikuwa na chale ubavuni. Bibi alimchanja alipokuwa mtoto, bandama lilipovimba kwa homa.

"Mukubwa," alimwambia askari kwa utulivu, "hizi ni za utoto. Tazama, zimefifia na ngozi imezifunika. Za juzi zingekuwa nyekundu."

"Waasi iko na chale," askari akasema. "Weye iko na chale."

"Kuna watu wengi wenye chale ambao hawakuasi. Utawajuaje?"

Askari alimgeuza ubavu, akazitazama tena chale kwa makini. Alichokiona kilikuwa kweli: chale zilikuwepo. Akamsukuma kuelekea kwenye lori. Mama aliita kwamba ni yeye aliyempeleka kwa bibi, kwamba hata mimi binti yake ninazo, lakini hakuna aliyegeuka.

Hatukupata mwili, wala mtu aliyeona lori liliposimama. Wengine walituambia alionekana Bujumbura. Wengine Kigoma, anafundisha. Mama alichagua Kigoma. Kwa miaka mingi, alimpa kila aliyepanda mashua kwenda huko kitu cha kumpelekea kaka, mara shati, mara unga wa muhogo aliousaga mwenyewe. Wasafiri walipokea. Mimi ndiye niliyekuwa nikifunga mizigo hiyo, na sikumuuliza mama hata siku moja ni nani aliyemwona.