Aliyeshika Kemia

Mwaka wetu wa mwisho wa sekondari, meza moja iliingia kwenye mtihani wa serikali bila mtu. Jina la mwenyewe lilikuwa limebandikwa kwenye kona yake, kama majina yetu sote, na kila asubuhi msimamizi aliweka karatasi ya maswali juu yake, akatazama mlangoni, akasubiri kidogo, kisha akaichukua kama alivyoiweka. Mimi nilikaa nyuma ya meza hiyo. Siku zote za mtihani nilikuwa na nafasi tupu mbele ya macho yangu, mahali ambapo mgongo wa rafiki yangu ulipaswa kuwa.

Nilikumbushwa hayo mwezi wa sita uliopita, nilipopanda makaburini juu ya mtaa wetu wa Kadutu kumsindikiza jirani yetu aliyefariki. Jeneza lilipokuwa likishushwa, niliwaona wanafunzi katika sare za bluu na nyeupe wakienda na kurudi kati ya misalaba, kila mmoja na vijitabu vyake, midomo ikicheza bila sauti. Mama mmoja aliyekuwa karibu nami alikasirika. "Batoto hawa habana haya. Banakuja kusomea mu kilio ya bantu!" Mimi sikuweza kukasirika. Wewe uliyekulia Bukavu unajua kwa nini wanapanda kule.

Nyumba zetu za Kadutu zilibanana hadi ukuta wa bati wa huyu ulikuwa pia ukuta wa yule. Ulisikia jirani akikohoa, akigombana na mkewe, akitafuta stesheni kwenye redio. Ndani kulikuwa na wadogo zako, moshi wa makaa, harufu ya sambaza, vile vidagaa vya ziwani, kwenye mafuta, na mama akiita kwamba maji yameanza kutoka, lete bidoni. Hakukuwa na kona hata moja ambayo mtu angeweza kufikiri neno moja hadi likaisha. Kimya kilikuwa juu, kwa wafu, chini ya mikaratusi. Kwa hiyo kila mwaka, kiangazi kinapoanza na vumbi jekundu kuinuka, finalisti wa mtaa, yaani sisi wa darasa la mwisho, tulipanda huko baada ya masomo na kubaki hadi kengele ya parokia ilipolia jioni.

Tulikuwa wanne, na tulisoma kama vikundi vingi vya mtaa vilivyosoma: kwa kushika kozi. Kila mmoja alishika yake, akaichimba hadi mwisho, kisha akaja kuwamiminia wenzake. Mimi nilishika Kifaransa. Msichana mmoja, mzaliwa wa Nyangezi, mwenye ulimi mkali kuliko wembe, alishika hesabu. Kijana wa kwaya alishika fizikia. Kemia ilishikwa na kijana wa Shabunda, mbali msituni, aliyekuwa akiishi kwa bibi yake, nyumba ya tatu kutoka kwetu.

Hiyo kemia ndiyo iliyokuwa nzito. Mchepuo wetu ulikuwa wa biolojia na kemia, na prof wa somo hilo alikuwa ametuacha katikati ya mwaka, akaenda kufanya kazi kwenye shirika moja lililomlipa vizuri zaidi. Shule haikupata mwingine. Prefe, mkuu wa shule, alisimama mbele ya darasa, akashika mkanda wa suruali yake, akasema: "Mujipange." Basi. Kijana wa Shabunda ndiye aliyejipanga kwa niaba yetu sote. Alikwenda kwa wanafunzi wa chuo kikuu, akawabebea maji, akawafulia nguo, nao wakamfafanulia sura ambazo prof hakuzifikia. Alirudi nazo kichwani, kwa maana karatasi alisema zinamchelewesha.

Namna yake ya kufundisha sijaiona kwingine. Alichukua kaburi moja, akalipa sura moja. Kwenye kaburi la vigae la padri wa zamani tulisoma asidi na besi. Kwenye kaburi la mtoto, lenye msalaba mdogo wa mbao, chumvi. Kwenye lile la mfanyabiashara, lililozungushiwa nondo, alkoholi. Tulisimama mbele ya kila moja hadi tukalijua, kisha tukasogea. "Mu mutihani," alitwambia, "funga macho, tembea. Utafika penye swali iko."

"Na huyu papa," msichana wa hesabu akamuuliza mbele ya kaburi la mfanyabiashara, "anajua kama uko unamuita alkoholi? Familia yake ikisikia utapigwa."

"Watu banasema alikuwa anapenda bia ya Primus," kijana akamjibu. "Hatakasirika."

Tulicheka, lakini hofu haikukaa mbali. Nataka nikuambie hofu ile ilivyokuwa, maana watu wazima huisahau. Haikuwa ya kusahau jibu tu. Nilipoteka maji nilihesabu vitenzi vya Kifaransa hadi bidoni ikafurika miguuni. Kijana wa kwaya alitoka vipele shingoni. Msichana wa hesabu, asiyeogopa mtu, alianza kung'ata kucha hadi zikatoka damu, akavaa soksi mikononi ili aache. Nyumbani hakuna aliyetuuliza tunajisikiaje. Walituuliza kama tutapata diploma.

Kijana wa Shabunda hakuonyesha kitu, lakini yeye ndiye aliyekuwa na cha kupoteza kuliko sisi. Baba yake alichimba dhahabu, na kaka yake alikuwa ameshaingia shimoni pamoja na baba. Siku alipotumwa Bukavu kusoma, baba alimwambia waziwazi: ukipata diploma, utaendelea na udaktari, nitajinyima; ukikosa, rudi, shimo lina nafasi yako. Alitusimulia hayo bila kulalamika, kama mtu anayekuelekeza njia ya sokoni.

Kisha mwezi wa tano habari ikaja. Shimo lilikuwa limemwangukia kaka yake.

Tulikwenda kwa bibi yake, tuliyemwita koko kama yeye. Ilikuwa nyumba iliyotulisha mwaka mzima, maharagwe yaliyotoka kwa ndugu zake wa Walungu na parachichi zilizokatwa nusu kwa nusu. Siku hiyo jiko lilikuwa baridi. Mjomba mmoja alikuwa ameketi mkekani na kofia magotini.

"Yeye njo mutoto mwanaume mwenye amebakia," mjomba alikuwa akisema. "Baba yake hawezi kumaliza matanga peke yake. Bantu batasema nini?"

"Bantu batasema, batachoka," koko akajibu. "Mutihani njo haitamungojea."

"Maman, ni kaka yake."

Koko aliinuka akaanza kukunja sare ya kijana, akaiweka ndani ya mfuko wa plastiki pamoja na kalamu, ili akirudi apitilize moja kwa moja shuleni ikibidi. Kulikuwa na ndege ndogo iliyokuwa ikipeleka bidhaa Shabunda, na rubani alikubali kumpakia kati ya magunia.

Kabla ya kuondoka kijana alitupandisha makaburini. Tulipita kaburi kwa kaburi, haraka, sauti yake ikikwama na kuendelea. Tulipofika kwenye lile la mfanyabiashara alisimama. Nyuma yake kulikuwa na safu nzima ambayo hatujaigusa.

"Tuishie hapa. Zenye zimebakia nitabamalizia nikirudi."

"Na kama haurudie?" msichana wa hesabu akauliza.

"We! Niende wapi? Miye na shimo tulishakosana."

Alikwenda. Baada ya siku chache mvua za kule msituni zikafunga kiwanja, ndege zikaacha kuruka. Kisha antena ya simu ya Shabunda ikafa, na kila namba tuliyopiga ilijibiwa na sauti ileile ya mwanamke wa mashine. Bado tulipanda makaburini. Tulisoma hesabu, fizikia, Kifaransa. Kemia tuliirudia hadi kaburi la mfanyabiashara, halafu tukabaki tumesimama, tukiitazama safu inayofuata. Tulijaribu vitabu vya kuazima, lakini vilizungumza na watu waliokuwa wameshafundishwa.

Misa ya kubariki finalisti ilifanyika Jumapili kabla ya mtihani. Kila mmoja aliinua kalamu yake, padri akanyunyiza maji. Koko alikuja amevaa kitenge chake cha sikukuu, akainua kalamu mpya kwa niaba ya mjukuu wake, mkono wa kizee kati ya mikono yetu ya kitoto. Tulipotoka, msichana wa hesabu alisema kwa sauti ya chini, lakini sote tulisikia:

"Hatakuya. Amechagua zahabu."

"Nyamaza," kijana wa kwaya akamwambia.

"Ninyamaze nini? Baba yake amemuweka mu nafasi ya kaka. Njo vile inaendaka kule. Na siye ametuacha na kemia yake."

Hivyo ndivyo sote tulivyoamini, na hivyo ndivyo koko pia alivyoanza kuamini: kijana amebaki kwao, baba amemshika, matanga yamegeuka kazi. Ilikuwa imani yenye uchungu, ila ilimweka mahali. Mtu aliyebaki kwao hatafutwi.

Siku ya kemia nilifunga macho kama alivyotufundisha. Nilitembea vizuri: padri, mtoto, mfanyabiashara. Baada ya hapo maswali yaliendelea lakini njia ilikuwa imekwisha. Nikafumbua macho, mbele yangu meza yake. Nilisikia kijana wa kwaya, upande wa dirisha, akipumua kama mtu anayepanda mlima.

Matokeo yalitoka kwa simu, kama yanavyotoka sasa. Msichana wa hesabu alipata. Mimi nilipata kwa kuponea chupuchupu. Kijana wa kwaya hakupata. Alizima simu yake, akaingia ndani, na nilimwona tena baada ya wiki. Mtaa ulilipuka hata hivyo. Unajua desturi yetu: anayepata humwagiwa poda, kichwa hadi miguu, hadi nyusi zinakuwa nyeupe. Kina mama walipiga vigelegele, masufuria yaligongwa, mtoto mdogo asiyejua lolote naye alipakwa.

Tulikwenda kwa koko tukiwa weupe hivyohivyo, msichana wa hesabu na mimi, maana kupita mlango wake bila kuingia kungekuwa vibaya zaidi. Alitushika mashavu, akatubariki, akafuta poda kwenye kitenge chake. Ndipo simu yake ikalia. Alikuwa binti yake, mama wa kijana, kutoka Shabunda. Koko hakusikia vizuri, kwa hiyo siku zote aliweka sauti kubwa, na sote tulisikia.

"Maman, ni miye. Rezo ya simu imerudia leo asubuhi. Tumesikia matokeo imetoka." Sauti yake ilikuwa na kicheko ndani yake. "Mutoto yangu amepata ngapi?"

Koko alitutazama.

"Mutoto gani?" akauliza. "Si uko naye?"

Upande wa pili zikasikika kelele za watu.

"Maman, alitoka huku na pikipiki mbele ya mutihani. Baba yake mwenyewe alimusindikiza. Hakufika?"

Msichana wa hesabu alianza kujipangusa poda usoni kwa viganja vyote viwili, kwa nguvu, hadi ngozi ikawa nyekundu.

Koko alifariki miaka kadhaa baadaye, na nyumba ile imekuwa duka la vocha. Makaburini wamezika juu ya waliozikwa; sikuona kaburi la mtoto, na nondo za mfanyabiashara zimeng'olewa. Kazi yangu imenipeleka mara nyingi kwenye njia ya Shabunda, na kila mara nimeuliza. Nilimpata dereva aliyempakia. Anasema pikipiki ilimharibikia msituni, kwenye kivuko cha mto, na kijana hakutaka kungoja itengenezwe. Alisema ana mtihani, akavuka kwa mtumbwi na mfuko wake wa plastiki kichwani. Dereva alimwona akipanda ukingo wa pili. Katika vijiji vya upande huo nimeuliza mlango kwa mlango, na hakuna hata mmoja anayesema alimwona akipita.