Ekseli ya Mkokoteni wa Mbuyi

Aibu hii nimeibeba kimya miaka mingi, na kama si ninyi kunibana leo ningeendelea kuibeba. Wakati watu wa Kasai walipokuwa wakifukuzwa mjini kwetu Kolwezi, warudishwe kwao kwa treni, mwenzangu Mbuyi naye alitolewa kwenye karakana tuliyofanya kazi pamoja. Tulikuwa wawili kwenye mashine moja ya kukereza vyuma: yeye alifunga kipande, mimi nilikata (hata sikumbuki nani alipanga hivyo, ndivyo tulivyozoea). Sasa familia yake ilikuwa nje ya geti na magodoro na masufuria, treni imetangazwa, na mkokoteni wa kumbeba mama yake mzee, asiyeweza kutembea, umevunjika ekseli. Mama yule alilala chini kwenye mkeka kwangu siku zote za kilio, mke wangu alipofariki. Ningemkataliaje?

Nikachukua nondo nene niikereze iwe ekseli. Nilipaswa kumwita Mbuyi aje aifunge, lakini niliona haya kumwambia mtu aliyefukuzwa arudi ndani kutengeneza mkokoteni wa kuondokea, kwa hiyo nikaifunga mwenyewe, haraka haraka, upande mmoja tu kwenye meno ya mashine, upande wa pili ukabaki hewani bila kushikiliwa (kuushikilia kulitaka kwanza nitoboe tundu katikati ya ncha, na mimi treni nilikuwa naisikia kichwani), wala sikuizungusha kwa mkono kuona kama imekaa sawa, nikawasha.

Nondo ikatetemeka, ikapinda kama mkia wa mbwa, ikachomoka, ikaipiga ndoo ya maji meupe ya kupozea chuma, na maji yote yakanimwagikia mimi na shati langu jeusi la msiba. Nikajikuta chini, mweupe kama muhogo uliomenywa. Geti lilikuwa wazi. Watu waliokuwa wakilia tangu asubuhi wakacheka mpaka wakashikana mabega.

Mbuyi akaingia, akaiokota nondo, akaitazama.

"Urefu huu wote, na mwisho haukuushika?"

Nikamwambia niliona haya kumwita.

"Haya ya nini, ndugu? Mi niko hapa inje, sina kazi."

Nondo nyingine haikuwepo. Tukamkalisha mama kwenye kiti, tukambeba sisi wawili hadi stesheni, tukikatiza sokoni, mimi nikidondosha maji na wauzaji wakiniuliza nimefukuliwa kwenye shimo gani. Tulipomtua, mama alinifuta uso kwa kitambaa chake, taratibu, kisha akamwambia mwanawe:

"Huyu tunamuachia nani sasa?"

Mbuyi akampandisha mama behewani. Akapakia godoro la mwisho, treni ikaondoka nao.

Tangu hapo sijawasha mashine kabla ya kuushika mwisho wa chuma. Na mtu nikimwonea huruma, namwita aje karibu, hata kama nina haya. Kumhurumia mtu kwa mbali sirudii tena.