Mbilingani Uliovishwa Hirizi

Ushawahi kuuona mbilingani umevaa hirizi?

Usicheke. Mimi nimeuona kwa macho yangu haya, mbele ya ukumbi mzima wa watu, hapa hapa mji wetu wa Sib, Februari iliyopita. Hirizi nyeusi, ndogo, imeshonwa kwa uzi mwekundu, imefungwa kwenye shina kama anavyofungwa mkononi mtoto mchanga.

Na mbilingani ule ulitoka nyumbani kwa wifi yangu Kheiria.

Tulia nikuhadithie kwa utaratibu, maana mimi si mtu wa kuruka mambo.

Kila mwaka kina mama wa mtaani kwetu wanafanya maonesho ya watoto. Kuna meza ya kupika, meza ya kushona kofia, meza ya kutandika sinia ya wageni, na meza ya mimea. Mtoto afanye kwa mikono yake mwenyewe. Sisi wakubwa tunasimama nyuma ya kamba.

Mwaka huu mshindi wa mimea alikuwa apewe kitalu nyuma ya ukumbi, akilime mpaka maonesho mengine. Udongo mzuri wa kuletwa, mpira wa maji, na wavu wa kivuli juu.

Mjukuu wangu Bashayer, binti wa miaka kumi na tatu, alikuwa anakitaka kitalu kile mpaka ananitia huruma. Akitoka skuli anapita pale, anapenyeza mkono kwenye uzio, anashika udongo, anarudi nyumbani na kucha nyeusi. Kwetu uwanja wote umepigwa vigae, baba yake, mwanangu Aziz, anaweka magari. Mtoto analima kwenye madumu yaliyokatwa, juu ya paa, penye matangi ya maji.

Mbilingani wake, mashaallah, ulikuwa na majani mapana kama kiganja cha mwanamme, maua ya zambarau, na mabilingani mawili yanang'aa utadhani yamepakwa mafuta ya nazi.

Sasa Kheiria. Huyu ni dada wa marehemu mume wangu, milango yetu inatazamana. Tangu naolewa hajapata kunipenda, na mimi sijapata kumlazimisha. Nikitia pazia jipya, na kwake litatiwa, refu zaidi. Basi aliposikia Bashayer kaingia mimea, hakuchelewa. Kamwandikisha mjukuu wake Ghadeer, mimea hiyo hiyo, mbilingani huo huo.

Halafu akaja kuutazama wetu.

Kapanda ngazi zote na magoti yake mabovu. Kasimama mbele ya mbilingani, kautazama juu mpaka chini. Mimi nnamsubiri aseme mashaallah. Mke wa mwanangu, Manal, mama yake Bashayer, na yeye anasubiri, sinia ya kahawa mkononi.

Hakusema.

Kasema, "Makubwa haya," kashuka zake. Kahawa hakuigusa.

Nyie mnajua wenyewe. Mtu akikitazama kitu cha mtoto namna ile, asitaje jina la Mungu, usingizi haupatikani.

Haikupita wiki, majani yakaanza kuungua pembezoni. Yakawa kahawia, yakakauka, yakadondoka. Bashayer kamwagilia, kausogeza kivulini, wapi. Mabilingani yakasinyaa. Mtoto anaokota majani tu anayaweka pamoja.

Nikajua. Jicho la Kheiria hilo.

Siku ya maonesho nikamwambia Bashayer tubaki nyumbani, aibu ya nini. Kakataa. Kaubeba mbilingani wake nusu maiti, kauweka mezani, kasimama nyuma yake kanyoosha mgongo. Ubavuni mwake Ghadeer, na mbilingani wa kijani unapendeza mpaka unakera.

Kheiria kanisogelea kwenye kamba.

"Mama Aziz, hii mmeleta maonesho au mazishi?"

Nikamwambia mazishi anayajua aliyeua. Wanawake wakageuka kututazama.

Aliyekuwa anakagua ni Ustadha Radhia, mwalimu wa kilimo. Kafika kwa Ghadeer, kainua majani, mkono ukasita. Kavuta uzi. Hirizi ikaning'inia mbele za watu.

Kisha mnong'ono ukaanza huku ukaishia kule: huyu karoga mmea wa mwenziwe.

Hapo subira yangu yote ikaniishia.

"Leo umeonekana, Kheiria," nikamwambia. "Wakubwa umewamaliza, sasa unaroga watoto."

"Ifungueni," kasema, uso mkavu. "Ifungueni aione."

Ustadha kaikata kwa mkasi. Harufu iliyotoka kila mtu aliijua: mvuje na habbasoda, vitu tunavyowafunga watoto wasipatwe na jicho. Hamna nywele za mtu, hamna jina la mtu.

"Ya kinga," kasema Kheiria, kwa sauti ya kufika mlangoni. "Na unajua kinga ya jicho la nani, wifi? Lako weye. Siku ile kwenu nilikuona ulivyonikodolea. Nikasema huyu hamwachi salama mtoto wangu."

Watu wakacheka. Wananicheka mimi. Uso uliniwaka moto kama niko mbele ya tanuri.

Nikamjibu kwamba wake uko hai na wetu umekufa, basi jicho liko kwa nani.

Ustadha Radhia keshachoka na sisi. Katia kidole kwenye dumu la Bashayer, kachimbua. Kikatoka kipande cheupe. Kachimbua tena, kingine. Kakigusisha ulimini.

"Chumvi ya mawe," kasema. "Imezungushwa pande zote. Mmea gani utaishi hapa? Nani kaitia?"

Nikamnyooshea Kheiria kidole. Kheiria kaninyooshea cha kwake. Bibi wawili wazima, vidole hewani.

"Mimi, mama."

Manal. Yuko nyuma yangu, shela kalivuta mpaka kidevuni.

Kasema siku ile Kheiria alipoondoka bila ya mashaallah, yeye aliingiwa na hofu. Kwao Nizwa bibi yake alikuwa anazungusha chumvi kwenye kizingiti kuzuia jicho. Na yeye akaizungusha kwenye dumu, kaifukia mtoto asiione. Na kila majani yalipozidi kuungua, yeye akazidisha chumvi, akidhani jicho lenyewe ndo lina nguvu hivyo.

Bashayer kamtazama mama yake. Sijapata kuona mtoto anamtazama mzazi namna ile. Kisha kanitazama mimi, vile vile.

Kheiria ndo kapata harusi. Katangazia watu kwamba kwetu tunapika bilingani lingali shinani, tena tunakoleza na chumvi kabisa. Hata ustadha aligeuka kuficha kicheko.

Basi nyie wenye wajukuu, nisikilizeni. Jicho mimi sikuliona siku ile. Nilichokiona ni nyumba mbili zinakingana, moja kwa hirizi na moja kwa chumvi, na mtoto yuko katikati anaokota majani makavu. Ukimchukia mtu, mchukie mwenyewe, kwa wakati wako. Usimtwishe mtoto chuki yako akubebee.

Na mimi na Kheiria msidhani tumepatana. Hatusemezani mpaka leo.

Kitalu kachukua Sinan, mtoto wa jirani aliyetoka wa pili, na mabamia yake membamba kama kalamu. Bashayer kamfuata mwenyewe, kamuomba kipande cha kupanda, kapewa. Anakwenda kila alasiri. Mimi na mama yake katukataza kukanyaga huko.

Utaniuliza, si Ghadeer ndo aliyekuwa na mmea mzima?

Ndiye. Na jina lake lilisomwa. Kheiria alinitazama mimi kwanza, ndo akapiga kigelegele. Ustadha kamnyooshea mtoto ufunguo wa kitalu.

Ghadeer kaweka mikono nyuma.

"Chukua, mama," bibi yake anamwambia. Hachukui. "Chukua, watu wanakungoja."

Ustadha kainama, kamuuliza taratibu, kwani yeye alikuwa anataka nini.

Mtoto kaitazama meza ya upande wa pili, wenziwe wameinamia nguo nyeupe na sindano zao.

"Nilitaka kushona kofia," kasema. "Tangu mwanzo. Bibi akasema nikishinda kwa kofia haitomuuma mtu."