Picha ya Darasa la Bibi Irma

Nelba alikuwa ametunza kumbukumbu za shule ya biashara ya chuo kikuu, jijini Montevideo, mpaka unyevu wa chumba cha majalada ukamwingia magotini. Alasiri moja, akiwa ameshavaa koti aende zake, akaingia bibi mmoja, Irma Zubillaga, akiulizia jalada lake la uanafunzi wa miaka ya udikteta wa kijeshi.

“Bibi, majalada ya miaka hiyo wanajeshi waliyabeba yote,” Nelba alisema. Maneno hayo alishayakinai mwenyewe kwa kuyarudia.

“Basi hata picha, mwanangu. Wajukuu wananicheka, eti chuo nilikiota usingizini.”

Nelba akamtolea picha ya darasa moja la miaka hiyo, isiyo na jina hata moja. Bibi akaikodolea macho.

“Mimi simo, ndimi niliyeipiga. Huyu Dardo, mvivu huyo! Na huyu Mirta... walimchukua, hakurudi.”

Nelba akashusha pumzi, akavua koti, akatafuta penseli.

“Anza upya, Bibi. Polepole, mkono unaniuma.”

Walipomaliza, majina yote yalikuwa nyuma ya picha, na la mpiga picha pia. Nelba akampa Bibi Irma nakala ya kuwaonyesha wajukuu, kisha akaenda kusubiri basi, hoi kabisa.