Karatasi ya Kifo

Fahima alikuwa mwaka wa pili wa biolojia katika chuo kimoja cha Rumonge, na sheria aliijua barabara: anayekosa mazoezi ya maabara mara tatu bila sababu iliyoandikwa hafanyi mtihani. Mara zake tatu zilipotelea ufukweni, akingoja pamoja na mama yake ziwa limrudishe baba, ambaye mashua yake ya mawese ilizama ikielekea Kongo.

"Leta karatasi ya kifo," Profesa Leonsi alimwambia, bila kuinua macho kutoka kwenye daftari la mahudhurio. "Nitafuta sifuri zote tatu. Bila hiyo, mutoto wangu, mtihani hakuna."

Ofisi ya komini, serikali ya mtaa, ilimpa fomu ya kuthibitisha kifo, ya kusainiwa na mama. Lakini nyumbani matanga yalikuwa hayajakaliwa, kwa sababu kwao hakuna aliaye msiba kabla mwili haujaonekana. Wiki tatu sasa, kila jioni, mama alimchemshia mumewe maji ya kuoga.

"Hiyo inataka nini?" aliuliza mama, aliyejua kuandika jina lake tu.

"Saini, mama. Ni ya shule."

Mama alijifuta mikono kwenye kitenge, akaandika herufi moja moja, kama mumewe alivyomfundisha.

"Baba yako akirudi," alisema, "umwoneshe matokeo yako."

Fahima alifanya mtihani. Jioni ile alikuta sufuria inachemka jikoni, akaketi karibu nayo, akachochea moto.